Mtoto wa Parokia: Mayatima wa Vitabuni na Mayatima wa Ziwa Letu



Kuna riwaya ya Kiingereza iliyoanza kutolewa gazetini mwaka 1837, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa jina la mvulana anayesimuliwa ndani yake, Oliver Twist. Mwandishi wake, Charles Dickens, aliipa pia jina la pili lililomtaja mvulana huyo kuwa mtoto wa parokia. Hapa kwetu Uvira jina hilo ni la heshima. Tunaposema huyu ni mtoto wa parokia, tunamfikiria kijana anayeimba katika kwaya, anayehudumu altareni, ambaye wazee wote wa jumuiya wanamjua. Katika Uingereza ya wakati ule lilikuwa jina la fedheha. Kisheria parokia ndiyo iliyopaswa kuwatunza maskini kwa kodi ya wakazi wake, na mtoto asiye na mtu aliangukia mikononi mwake. Kuitwa mtoto wa parokia kulikuwa kuitwa mzigo, mdomo unaolishwa na watu wanaonung'unika.

Neno moja, parokia, limebeba maana mbili zinazopingana. Tumeona vema tutafakari pamoja jinsi hilo linavyowezekana. Kwa ajili hiyo tutaweka makundi mawili ya mayatima bega kwa bega: wale wa riwaya za Kiingereza za enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, na wale walioishi katika miaka hiyo hiyo kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika, ambao hakuna riwaya iliyowaimba. Na swali letu ni hili: ni nani hasa anayemfanya mtoto kuwa yatima?

Mayatima wa riwaya

Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini. Aliyetaka msaada alipaswa kuingia katika nyumba ya maskini, ambamo wanaume, wanawake na watoto walitenganishwa, kazi ilikuwa ngumu, na chakula kilikuwa kidogo kwa makusudi, ili pasiwe na mtu atakayetamani kukaa humo. Oliver anazaliwa katika nyumba ya namna hiyo, na mama yake anakufa saa ile ile. Mtumishi wa parokia, Bwana Bumble, ndiye anayempa jina la ukoo. Analichukua katika orodha aliyoipanga kwa kufuata alfabeti: mtoto aliyetangulia alipewa jina la herufi S, huyu anapewa la herufi T, atakayefuata atapewa la herufi U. Mtoto anapata jina kama gunia linavyopata namba ghalani.

Oliver anapothubutu kuomba uji wa ziada kwa sababu ya njaa, wakubwa wanabandika tangazo mlangoni: pauni 5 kwa mtu yeyote atakayekubali kumchukua. Msafisha dohani mmoja, ambaye wavulana wamekwisha kufa katika kazi yake, anakuja kupatana bei, na wakubwa wanaipunguza zawadi kwa kuwa kazi yake ni chafu. Oliver anaponea chupuchupu, kisha anakabidhiwa kwa mtengeneza majeneza. Dickens hakuyatunga mambo haya kutoka hewani. Watoto wadogo walipandishwa kweli ndani ya dohani za Uingereza, na ni sheria ya mwaka 1875 iliyofaulu hatimaye kuikomesha kazi hiyo.

Miaka kumi baada ya Oliver, mwaka 1847, Charlotte Brontë alitoa riwaya yake Jane Eyre. Jane halelewi katika nyumba ya maskini. Analelewa kwa ndugu, na hapo ndipo kisa chake kinapotukaribia zaidi. Mjomba wake, akiwa mahututi, alimwapisha mkewe kwamba atamlea Jane kama mtoto wake mwenyewe. Mke aliapa, na kiapo hakikuzidi kumpatia mtoto kitanda na chakula. Binamu anampiga na kumkumbusha kwamba hana chake katika nyumba ile. Anapojitetea, anafungiwa peke yake katika chumba alichofia mjomba. Baadaye anapelekwa katika shule ya wasichana inayosimamiwa na mchungaji mmoja, anayehubiri kwamba njaa na baridi vinaponya roho za wasichana, huku binti zake mwenyewe wakivaa hariri. Hata hilo lilikuwa na mizizi. Charlotte alifiwa na mama mwaka 1821, akapelekwa pamoja na dada zake katika shule ya bweni, na mwaka 1825 dada zake wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa, wakafa.

Dickens naye alijua alichokiandika. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alitolewa shuleni akawekwa katika karakana ya dawa ya viatu, akibandika karatasi kwenye vichupa, huku baba yake akiwa gerezani kwa sababu ya deni. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai. Hata hivyo, jeraha la siku hizo alilibeba maisha yake yote, na alipoandika riwaya ya David Copperfield, iliyotoka mwaka 1849 na 1850, alimpa mvulana yatima kazi iliyofanana na ile yake.

Tuangalie jambo moja katika visa hivi. Kifo cha wazazi kinachukua kurasa chache tu, na mateso yaliyobaki yote yanatoka kwa watu walio hai: mtumishi wa parokia, mke wa mjomba, baba wa kambo, msimamizi wa shule. Wote walipewa mtoto wamtunze. Wengi wao walisali kabla ya kula.

Ziwa letu katika miaka ile ile

Mwezi wa Aprili 1858, Dickens akiwa bado hai na akiandika, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wakiutafuta Mto Rusizi, wapate kujua kama unaingia ziwani au unatoka. Waliikuta Uvira ikiwa kituo cha mwisho kaskazini cha wafanyabiashara waliotoka pwani. Burton aliorodhesha bidhaa za soko hilo: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma. Hivyo jina la mji wetu liliingia katika vitabu vya Ulaya likiwa pamoja na biashara ya watu.

Miongoni mwa watu hao walikuwamo watoto wengi. Mtoto huchoka upesi, lakini hana nguvu za kutoroka, na husahau njia ya kwao. Alifikaje sokoni? Njia zilikuwa nyingi. Kijiji kilivamiwa usiku, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakafungwa kamba. Njaa iliingia, na mtoto akabadilishwa kwa chakula ili wengine wapone. Au ndugu alikuwa na deni, akamweka rehani mtoto wa marehemu, kwa kuwa mtoto huyo hakuwa na baba wa kusimama barazani na kukataa.

Mmoja wao alipata bahati ya kusikilizwa. Alikuwa msichana wa Wayao, jina lake Swema, na kisa chake, alichowasimulia wamisionari wa Unguja, kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake alikopa nafaka wakati wa shida, akashindwa kulipa, na mkopeshaji akamchukua Swema na kumuuza kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama hakukubali kuachana na mwanawe. Aliomba kwa hiari yake abebeshwe mzigo, ili mradi aufuate msafara aliomo bintiye. Nguvu zilipomwishia aliachwa njiani afe, na Swema, aliyemng'ang'ania, alichapwa na kukokotwa mbele. Alipofika Unguja alikuwa amedhoofika mno hata wenye mali walidhani hafai kitu. Wakamfunga katika mkeka na kumfukia katika shimo fupi. Kijana aliyepita usiku alisikia sauti ya kilio, akamfukua na kumpeleka misheni. Aliishi.

Sisi tunaosoma kisa hicho tunaona kwamba Swema hakuachwa na mama yake. Yule mama alitembea mpaka mwisho wa nguvu zake. Deni la magunia ya nafaka na watu waliolidai ndivyo vilivyomfanya Swema yatima.

Misheni na watoto wake

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo wazee wetu waliliita la Mapadri Weupe, lilianza kutokana na mayatima. Katika miaka ya 1867 na 1868 njaa na kipindupindu viliua watu wengi nchini Aljeria. Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, alikusanya watoto zaidi ya elfu moja waliobaki peke yao, na katika mwaka 1868 akaanzisha shirika hilo. Miaka kumi baadaye aliwatuma wanawe kwenye maziwa makuu. Walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, na mwaka huo huo wakajenga Rumonge, ng'ambo yetu, katika nchi ya Burundi. Mwaka 1880 walivuka na kuingia Masanze, upande wetu wa ziwa. Na mwaka 1883 walianzisha Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, katika nchi ambayo leo ni ya Fizi.

Katika vituo hivi vyote kazi ya kwanza ilikuwa nyumba ya mayatima. Watoto walikombolewa kwa vitambaa na shanga kutoka kwa wachuuzi, wengine walikimbilia wenyewe. Walifundishwa kusali, kusoma, kulima, kujenga; walipokua walioana na kupewa mashamba kando ya misheni. Vijiji vya kwanza vya Kikristo vya ziwa letu vilizaliwa hivyo. Ulinzi huo ulikuwa na gharama. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, Padri Deniaud, Padri Augier na mlei aliyewasaidia, Félix D'Hoop, waliuawa katika ugomvi uliozuka juu ya mtoto mmoja wa misheni.

Hata hivyo, upendo wetu kwa wazee wetu katika imani usituzuie kusema ukweli wote. Kumkomboa mtoto kwa vitambaa kulikuwa pia kumlipa mchuuzi, na mchuuzi aliyelipwa aliweza kurudi na mtoto mwingine. Lavigerie mwenyewe, akiwa sasa Kadinali, aliona kwamba kununua watoto mmoja mmoja hakutoshi. Mwaka 1888, mwaka ambao Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika waraka kwa maaskofu wa Brazili juu ya utumwa, Kadinali alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri kwamba biashara yenyewe ikomeshwe. Tena, maisha ya nyumba za mayatima yalipangwa na wakubwa, kuanzia kengele ya alfajiri hadi ndoa. Na jina jipya la ubatizo, ambalo kwetu ni neema, lingependeza zaidi kama daima lingeandikwa pamoja na jina la kwao na la kijiji chao, ili mtoto aweze siku moja kuulizia ndugu zake. Wengi wa watoto wale hawakuweza tena kuulizia.

Je, hii inawaweka mapadri wale pamoja na Bwana Bumble? Hapana. Bumble alitaka kumwondoa mtoto mlangoni. Hawa walitoka kwenda kumtafuta, na baadhi yao walikufa. Lakini inatufundisha kwamba hata mlezi mwema anahitaji kuulizwa: je, unamsikiliza mtoto, au unampanga tu?

Daktari wa Karema

Tumkumbuke mmoja aliyekombolewa. Alizaliwa mnamo 1866 kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alinyakuliwa na Watuareg, akavushwa jangwa na kuuzwa. Wazazi wake hawakufa. Watu walimfanya yatima kwa kumwiba. Mapadri Weupe walimkomboa huko Aljeria, wakamsomesha, na baadaye wakampeleka katika kisiwa cha Malta alikojifunza utabibu. Jina la nyumbani hakulipoteza: aliitwa Adrien Atiman, na Atiman ndilo jina alilotoka nalo kwao.

Mwaka 1889 alifika Karema, upande wa mashariki wa ziwa letu, akiwa katekista na tabibu. Nchi haikuwa yake, wala lugha. Angeweza kudai kwamba dunia inamdai. Alikaa Karema miaka 67, akitibu wagonjwa na kufundisha dini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Alifika wakati misafara ya watumwa ikali ikipita, akapitia Wajerumani, akapitia vita viwili vya dunia, akawaona wajukuu wa wagonjwa wake wa kwanza.

Riwaya za Kiingereza hupenda kumaliza mateso ya yatima kwa urithi. Oliver anagunduliwa kuwa mtoto wa bwana mwenye mali. Jane anaachiwa pauni 20,000 na baba mdogo wa mbali, na kwa sifa yake anazigawa sehemu nne pamoja na binamu zake. Mayatima wa ziwa hawakuwa na baba mdogo wa mbali. Atiman alipewa kazi ya mikono na akili, akapewa watu waliokaa naye mpaka akakomaa. Hayo yalimtosha, naye akayagawa kwa maelfu.

Na sisi je?

Tunayaandika haya katika mji ambao unawajua mayatima. Tumepitia vita tangu mwaka 1996. Makobola iliomboleza mwishoni mwa mwaka 1998 na mwanzoni mwa 1999. Mwezi wa Aprili 2020 mvua ilijaza mito yetu na maji yakafagia nyumba na watu waliolala. Kila mara tulizika, na kila mara, kaburini, mtu alisimama akasema: watoto hawa ni wangu. Hiyo ni desturi njema ya baba zetu, na bila hiyo mji huu usingesimama. Lakini mjomba wa Jane naye alidhani kiapo kimetosha.

Tutazame nyumba zetu saa kumi na mbili asubuhi. Ni nani anayepanda kutoka ziwani na bidoni ya maji kichwani wakati wengine wanavaa sare za shule? Ni nani anayeanika ndagala, anayechuuza karanga barabarani, na usiku anakula ukoko baada ya wote kushiba? Karo ikipungua, ni nani anayerudishwa nyumbani kwanza? Na ugonjwa au msiba ukiingia, ni nani anayenyoshewa kidole kwamba ndiye mchawi? Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na inamwadhibu anayefanya hivyo. Sheria hiyo inahitaji macho ya majirani, na ninyi vijana ndio majirani.

Tuna methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huwa tunaitumia kumkemea mtoto mkaidi. Lakini yatima hakukataa kufunzwa na mama. Kwake methali hiyo ni swali linalotuelekea sisi: ulimwengu utakaomfunza ndio sisi, na je, tutamfunza nini?

Waraka wa Mtakatifu Yakobo unaifanya huduma kwa yatima na wajane katika shida zao kuwa kipimo cha dini iliyo safi. Kifo kinaweza kumwondolea mtoto wazazi kwa siku moja. Kumfanya yatima ni kazi ya miaka, inayofanywa na watu walio hai, kwa sahani ya mwisho, kwa jina la dharau, kwa kiapo kilichosahauliwa. Kwa kuwa ni watu wanaoifanya, ni watu pia wanaoweza kuiacha. Yule kijana wa Unguja hakuwa na mali wala cheo. Alisikia kilio, akasimama, akafukua. Basi katika mji wetu tulirudishie jina la mtoto wa parokia heshima yake, ili yatima akiulizwa ni wa nani, aweze kulitaja bila kuinamisha kichwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika jumuiya yetu, je, tunawajua mayatima kwa majina yao yote mawili, na tunajua wanakaa kwa nani?

2. Tukiona mtoto wa marehemu ananyimwa shule katika nyumba ya jirani au ya ndugu yetu, tutazungumzaje na wazee kwa heshima lakini bila kunyamaza?

3. Ni kazi gani ya mikono au elimu gani sisi wenyewe tunaweza kumfundisha yatima mmoja mwaka huu, mpaka aijue?